Kumite si ugomvi: dhana potofu za karate tunazoingia nazo dojo

Anayeanza karate Kampala huja na picha kichwani kabla hajavaa gi, nguo ya mazoezi. Wengi tumeipata kwenye vibanda vya video, ambako viijei anafasiri filamu ya kungfu kwa sauti ya juu hadi unaamini teke moja linaangusha watu watano. Dojo yetu, yaani mahali petu pa mazoezi, iko upande wa Nsambya, kwenye ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana kuna askari polisi, Wakongo, Wakenya wanaosoma vyuo vya hapa na vijana wa boda boda. Mgeni akija, maswali ni yale yale. Mimi bado ni mwanafunzi, mkanda wa kahawia, na simsemei sensei, mwalimu wetu. Lakini juu ya kumite, yaani mapambano ya watu wawili, nina msimamo, kwa sababu baadhi ya tunayoyaamini yanaumiza watu.

"Kumite ya kweli ni ile ya kuumizana"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo inayopendwa na vijana. Wanasema ngumi inayosimamishwa ni mchezo wa watoto, eti mtaani nani atakusimamishia?

Ukweli ni kwamba kusimamisha ngumi ni kazi ngumu kuliko kuiachia. Ili iishie kwenye ngozi ya pua ya mwenzako, lazima uwe umemfikia: mguu wa mbele umekanyaga mahali pake, nyonga imezunguka, na yeye hakuwahi kukinga. Anayerusha ngumi hewani nusu mita kutoka kwa mtu hajadhibiti chochote, amekosa tu. Sensei wetu hulipima hili kwa njia nyepesi. Unapiga gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, unaiacha ngumi pale pale ilipoishia, kisha anakuambia usukume bega mbele kidogo bila kusogeza miguu. Ngumi ikilisukuma shavu la mwenzako, pigo lilikuwa la kweli na wewe ndiye uliyelizuia. Ikiendelea kuelea hewani, rudi nyuma uanze tena.

Anayedhani udhibiti ni upole akumbuke fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75 kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa Agosti 2021. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4 kwa 1. Akarusha teke la juu, likampata Sajad Ganjzadeh wa Iran, naye akaanguka na kupoteza fahamu. Waamuzi wakamtoa Hamedi kwa kutodhibiti teke lake, na dhahabu ikaenda kwa yule aliyetolewa kwa machela. Watu wamebishana sana kuhusu uamuzi ule. Mimi nauunga mkono. Katika kanuni za Shirikisho la Karate Duniani teke la kichwani tayari ndilo lenye thamani kubwa, pointi 3, wakati teke la mwilini ni 2 na ngumi ni 1. Unapewa pointi hizo kwa kufika mahali pagumu kufika ukiwa bado una breki. Breki zikikatika, hata kama uliongoza, umeshindwa kile ulichokuja kushindania.

Kuna mitindo ya kupigana kwa nguvu zote, ni kweli. Kyokushin ya Masutatsu Oyama ndiyo inayojulikana zaidi, na watu wake nawaheshimu. Lakini hata huko ngumi za usoni haziruhusiwi kwenye mashindano. Hakuna dojo yenye akili isiyoweka mipaka, tofauti ni mahali mpaka ulipochorwa.

Kisha kuna jambo ambalo wapenda nguvu hawalioni. Mwanafunzi anayepigwa kwa nguvu kila wiki hajifunzi kupigana, anajifunza kufumba macho. Anarudi kwenye mbinu moja anayoiamini na kuirudia kwa hofu. Kumite nyepesi ndiyo inayokupa nafasi ya kujaribu jambo usilolijua, likakataa, ukalijaribu tena.

Tunaye msichana wa Senior 3, mwembamba, aliyepangwa kucheza na kaka mmoja wa boda boda mwenye mabega mapana. Kaka alikuja mbele moja kwa moja, ngumi mbili, mguu, ngumi, huku sakafu inalia. Binti alirudi hatua moja, akarudi ya pili. Mara ya tatu hakurudi. Alitoka pembeni kwa mguu wa kushoto, upana wa unyayo tu, na ngumi yake ikatua juu ya mfundo wa mkanda wa kaka wakati mguu wa kaka bado uko hewani. Haikumuuma. Lakini kaka alisimama akaangalia pale ilipogusa, akainama, akasema, "Dada, hebu rudia." Wakarudia hadi akaona mwenyewe kwamba kabla ya kupiga hutanguliza bega. Kwa mwendo wa kuumizana binti yule angelikuwa nje kwenye raundi ya kwanza, na kaka angelirudi nyumbani bila kujua kosa lake.

Wanaosema karate haiwafai wasichana, basi, wamjibu huyo. Au wamtazame Feryal Abdelaziz, mwanamke wa kwanza wa Misri kupata dhahabu ya Olimpiki, aliyoipata Tokyo kwa kumite.

"Kama hukuzimia, ubongo uko salama"

Kwenye dojo moja niliyowahi kutembelea, kijana mmoja aligongwa na kiwiko kwenye kipaji cha uso wakati wa kumite. Hakuanguka. Alicheka, akapewa maji, akaendelea. Dakika chache baadaye alimuuliza jirani yake, "Leo ni Jumatano?" Akajibiwa ndiyo. Akauliza tena. Akauliza mara nyingine, kwa sauti ile ile, kama hajawahi kuuliza. Waliomzunguka walicheka, na sensei wa pale akamwambia avae glavu amalizie raundi.

Huo ulikuwa mtikisiko wa ubongo, na nashangaa jinsi watu wa mchezo wetu wanavyoujua kidogo. Mara nyingi mtu hazimii kabisa. Dalili ni kuchanganyikiwa, kusahau kilichotokea, kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kuona ukungu, kukereka na mwanga au kelele. Nyingine huja baada ya saa kadhaa, hata kesho yake. Anayeshukiwa hatakiwi kurudi kwenye mazoezi siku ile, hata akisema yuko sawa, na wengi husema wako sawa. Pigo la pili kabla ubongo haujapona ndilo la kuogopwa zaidi. Kurudi kunafanywa hatua kwa hatua, kila hatua isipungue saa 24: kutembea na kazi nyepesi, kisha kihon, yaani mbinu za msingi, peke yako, kisha mazoezi na mwenzako yasiyo na kugongana, na kumite mwisho kabisa baada ya daktari kuruhusu. Mtu akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, au maumivu ya kichwa yakizidi kupanda, usimpeleke nyumbani. Mpeleke hospitali.

Glavu hazibadilishi hili. Zinalinda vidole vya anayepiga na kupunguza michubuko ya anayepigwa, lakini ubongo unaendelea kutikisika ndani ya fuvu, na mwenye glavu mara nyingi hupata ujasiri wa kupiga kwa nguvu zaidi. Kinga ya meno inaokoa meno, na kwa kazi hiyo ni lazima uwe nayo. Usiitegemee kwa zaidi ya hapo.

"Karate haiwezi ndondi"

Kampala swali hili halikosekani, kwa sababu Uganda ni nchi ya ndondi. Leo Rwabwogo alileta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. John Mugabi alipata fedha Moscow mwaka 1980. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa chama cha ndondi cha WBA mwaka 1979. Sisi wa karate hatuna orodha kama hiyo, na sioni aibu kuikubali.

Ila sababu si kwamba ngumi ya ndondi ina siri. Bondia hufanya mazoezi kila siku na mtu anayekataa kupigwa. Mkarateka wa madojo mengi hufanya mazoezi na mtu ambaye tayari amekubali ngumi ipi inakuja, mkono upi, kiwango kipi. Kumite ya kupangiwa, ile ya hatua tano au hatua moja, ni ngazi ya lazima, na wapo wanaoigeuza nyumba. Wanakaa juu yake miaka.

Tuna tabia nyingine zinazotugharimu. Kwenye kihon tunavuta mkono mmoja kiunoni kila tunapopiga na mwingine. Mkono ule una kazi yake, umeshika mkono au nguo ya adui na unamvuta. Kama hujashika kitu, kwenye kumite huru unaacha uso wazi. Wachezaji wa pointi nao huzoea kugeuka na kuinua mkono mara wanapogusa, wakisubiri mwamuzi aseme yame, yaani simama. Bondia hajui yame.

Kwa upande mwingine, karate iliyofanyiwa mazoezi na wapinzani wa kweli ina vitu vyake: umbali mrefu, kuingia na kutoka kwa hatua moja, teke linaloanza mahali ambapo mikono inaonekana imetulia. Lyoto Machida, aliyelelewa kwenye karate ya Shotokan, alitwaa mkanda wa UFC, mashindano ya mapigano ya mseto, mwaka 2009 kwa mambo hayo hayo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kipi ni bora, namuuliza wiki hii amefanya raundi ngapi na mtu aliyekuwa anajaribu kumzuia.

"Kata ni ngoma" na "kumite ni uzushi wa kizungu"

Haya mawili husemwa na kambi mbili zisizopatana. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alisisitiza kata, yaani mfululizo wa mbinu uliopangwa unaoufanya peke yako, na hakupenda mapambano huru. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Japani ndio walioyasukuma mbele, na mashindano ya taifa ya Chama cha Karate cha Japani yalianza mwaka 1957, mwaka ule ule Funakoshi alipofariki. Kwa hiyo kumite huru ni mpya kuliko kata, na ni Wajapani wenyewe walioiendeleza. Kata imebeba mbinu ambazo kumite ya pointi imezitupa, kama kushika, kuvunja kiungo na kuangusha. Lakini kata haikufundishi umbali, kwa sababu hewa haisogei.

"Mkanda mweusi ndio mwisho"

Hadithi ya mkanda mweupe uliochafuka kwa jasho la miaka hadi ukawa mweusi ni tamu lakini si ya kweli. Ngazi za dan na mkanda wake zilitoka kwenye judo ya Jigoro Kano. Funakoshi alizichukua na kuwapa wanafunzi wake dan za kwanza mwaka 1924. Dan ya kwanza maana yake umeijua misingi. Wakubwa zangu wenye mkanda mweusi ndio wanaouliza maswali mengi kuliko sisi wengine.

"Kuinama ni kuabudu miungu ya Wajapani"

Wapo wazazi walokole wanaowatoa watoto kwa sababu hii, na wazazi Waislamu wenye wasiwasi kama huo. Siwabezi, wanajali imani ya watoto wao. Lakini tuko Buganda, ambako binti hupiga magoti kumsalimu mzee na hakuna anayesema amemwabudu. Kuinama dojo ni salamu ya heshima kwa mwalimu na kwa mwenzako, na ile mokuso ya kukaa kimya macho yamefungwa ni kutuliza pumzi. Mzazi mwenye shaka aje akae kwenye benchi kipindi kizima, kisha amuulize sensei. Wetu hajawahi kumlazimisha mtu, na wapo wanaotosheka kuitikia kwa kichwa.

"Ngumi hukomazwa kwa saruji"

Watoto wasipige ukuta wa saruji. Mifupa yao bado inakua. Hata ubao wa makiwara wa Okinawa huchimbiwa ardhini kwa namna ya kunepa unapoupiga. Ukuta haunepi, na mkono ulioharibika viungo hautashika kalamu wala klachi vizuri.

"Mwenye mkanda mweusi anaandikisha mikono yake polisi"

Hapana. Askari tulionao dojo wameulizwa hili hadi wamechoka. Sheria inatambua haki ya kujilinda, na inaangalia kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari. Mtu akikunyang'anya simu karibu na Old Taxi Park na kukimbia, ukimfuata na kumvunja taya, hapo hujajilinda tena. Akiwa na panga, mpe simu.

"Kulalamika kwenye kumite ni woga"

Wageni hunong'onezana hili na kulivumilia, hasa walio wadogo kwa umri au kwa mkanda, wakiogopa kumvunjia heshima sempai, yaani mwanafunzi aliyewatangulia. Mwambie "punguza" wakati ule ule, kabla raundi haijaisha. Asipopunguza, inama, toka kwenye mstari, mwendee sensei na umwombe akubadilishie mwenzako. Na sensei akikataa, chukua mfuko wako. Kampala ina madojo mengine.