Dawa ya mti ndani ya chupa: tunayodhani na yaliyo kweli

Sokoni hapa Mwanza, kwa mama ninayemnunulia dawa, magome ya mjafari yamepangwa kwa mafungu, vinundu vya miiba vikiwa bado juu yake. Wasukuma huuita mlungulungu. Zamani mzigo ulitoka jirani. Siku hizi anausubiri kutoka mbali, maana mti ukivuliwa gome kuzunguka shina zima, hufa. Ndiyo sababu nafuatilia kwa moyo kazi ya kukuza seli za mimea ya dawa kwenye chupa na matangi ya maabara, ili dawa ipatikane bila kuvua gome, na inaniuma ikielezwa vibaya.

Dhana: Seli zikilishwa vizuri, dawa itaongezeka.

Hii huwapotosha wengi. Mkulima amezoea kwamba mbolea ikiongezeka, na mavuno huongezeka. Lakini viini vingi vya dawa, yaani kemikali zinazotibu, ni silaha za mmea dhidi ya wadudu na ukungu. Seli iliyoshiba hujigawanya tu. Chupani utaona bonge laini, jeupe, linanenepa wiki hadi wiki. Ukilipima, dawa ni kiduchu.

Wajapani walilitatua hili kwenye shikonini, rangi nyekundu ya dawa itokayo kwenye mizizi ya mmea uitwao Lithospermum erythrorhizon. Amonia ya kwenye lishe ya kawaida ndiyo iliyokuwa ikiizima. Wakatenga matangi mawili: la kwanza la kukuzia, la pili la kuzalishia, lenye lishe isiyo na amonia. Humo seli zikageuka nyekundu, na mwaka 1983 shikonini ya seli ikaingia sokoni.

Njia nyingine ni kuzichokoza seli. Kuna kemikali ya methili jasmoneti, iliyopata jina kwa asmini kwa kuwa ilipatikana kwenye mafuta ya ua hilo. Mmea ukitafunwa na kiwavi hutoa ishara za jamii hii. Seli za mti wa Taxus zikitiwa kidogo, huongeza paklitakseli, dawa ya saratani. Ukiwahi kuzichokoza hudumaa, ukizidisha hufa. Kwa hiyo huachwa kwanza zikakua.

Dhana: Kipande chochote cha mmea kitatoa dawa yake.

Hapana. Artemisinini, inayotibu malaria, hutengenezwa kwenye vinywele vya tezi vya mmea wa artemisia, hasa majanini. Bonge la seli lisilo na jani hutoa kidogo mno au halitoi kabisa. Vinblastini nayo, ya lile ua la vinka tunalopanda uani, huunganishwa kutoka viini viwili, na kimojawapo huhitaji seli za jani. Dawa ya mizizini mara nyingi hudai mizizi yenyewe ikuzwe.

Dhana: Hii ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni.

Kwa kawaida siyo, kama ambavyo miche ya migomba ya tishu siyo. Ila ipo mizizi-nywele, inayooteshwa kwa bakteria anayeingiza jeni zake kwenye mmea. Hiyo imebadilishwa kweli, na watu waambiwe.

Dhana: Ya chupani ni feki, na itaua biashara ya miti shamba.

Molekuli ya paklitakseli ni ileile, itoke gomeni au tangini. Lakini mama aliponiuliza kama chupa itamnyang'anya wateja, nilimwambia: "Mama, tangi hutafutiwa kiini kimoja. Sufuria yako inachemsha gome zima, lenye viini vingi." Akageuza fungu la mjafari, akaniuliza ni kipi kati ya hivyo kinachotibu. Kwa mti wowote, kazi ya maabara huanzia kwenye swali hilo lake.