Je, wajua kwa nini rais asiyetaka kuondoka huanza na majaji?

Kijiwe cha kahawa Ngamiani, Tanga, hakikosi drafti ya vizibo vya soda. Juzi kijana mmoja aliyekuwa akifungwa vibaya aliuliza, macho yakiwa ubaoni: "Rais kachaguliwa kwa kura, watu wanampenda, jeshi liko kambini. Sasa demokrasia inakufaje hapo?"

Tazama El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati yenye watu kama milioni 6. Nayib Bukele alishinda urais mwaka 2019, na katiba ilikataza rais kukaa vipindi viwili mfululizo. Mwaka 2021 chama chake kikazoa bunge. Tarehe 1 Mei, siku ileile bunge jipya lilipoanza kazi, viti havijapata hata joto, wabunge waliwafukuza majaji wote 5 wanaoamua kesi za katiba, pamoja na mwendesha mashtaka mkuu. Septemba majaji wapya wakasema rais anaweza kugombea tena, ilimradi aende likizo miezi 6 kabla ya kipindi kipya. Akaenda, ofisi akamwachia katibu wake. Katiba ilikuwa ileile, herufi kwa herufi.

Februari 2024 akashinda kwa zaidi ya asilimia 80. Julai 2025 bunge likafuta ukomo wa urais na kurefusha kipindi kutoka miaka 5 hadi 6.

Wananchi walikubalije? Magenge ya wahalifu. Machi 2022 watu 62 waliuawa kwa siku moja. Ikatangazwa hali ya dharura, wakakamatwa zaidi ya watu 80,000, na mauaji yakapungua mno. Mzazi aliyekuwa akiogopa kumtuma mtoto dukani hawezi kulaumiwa kwa kushukuru. Ila aliyekamatwa kwa kusingiziwa ampelekee nani shauri lake?

Pale kijiweni yuko mzee wa kofia ya vito, hachezi, kazi yake kuamua ugomvi: nani kaacha kula, kete ipi imeguswa. Ndiye aliyemjibu kijana. "Ukitaka ushinde kila siku, mwanangu, kete usiibe. Nitoe mimi hapa, umkalishe shemeji yako."

Kijana akacheka, akasogeza kizibo. Akaliwa viwili.