Goti halikauki mafuta: mlenda, makongoro na mengine tunayoambiana kuhusu viungo

"Goti lako limekauka mafuta. Kula mlenda."

Hapa Dodoma mzee akiinuka kwenye kigoda huku ameshika goti, ushauri huu hauchelewi. Ukikosekana mlenda, atatajiwa bamia au supu ya makongoro, kwa hoja kwamba kinachoteleza bakulini kitateleza na gotini. Sitaki ugomvi na Mgogo yeyote juu ya ugali wake wa uwele na mlenda. Ni chakula kizuri. Ila ule utelezi ni aina ya nyuzinyuzi. Unapita tumboni na utumboni, na hauna njia ya kufika gotini.

Kiungo hujitengenezea ute chenyewe. Utando laini uliolizunguka goti kwa ndani huchuja maji kutoka kwenye damu, kisha huyaongezea asidi ya hayaluroniki inayoyafanya yawe mazito na ya kuteleza. Goti zima la mtu mzima mwenye afya lina ute usiojaza hata kijiko cha chai. Na goti linalosemwa limekauka, mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida: utando ukivimba huvujisha maji, ute ukawa mwepesi, goti likajaa.

Kinachopungua ni gegedu. Ukila paja la kuku, tazama ncha ya mfupa kabla hujaitafuna: lile tabaka jeupe, linalong'aa na kuteleza kidoleni, ndilo hilo. Kwenye goti la binadamu lina unene wa milimita chache tu. Halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo lenyewe haliumi. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando na kwenye misuli. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na eksirei inayotisha na bado akatembea hadi sokoni Majengo bila kulalamika.

"Magoti yakiuma, acha kutembea."

Huu ndio ushauri unaoniudhi zaidi, maana unatolewa kwa huruma. Gegedu halina mishipa ya damu pia. Hupata chakula chake kutoka kwenye ule ute, kwa kukandamizwa na kuachiwa kama sifongo, na hilo hutokea unapotembea. Ukimkalisha mama kwenye mkeka miezi kadhaa, gegedu linakosa lishe na misuli ya mapaja inalegea, wakati misuli hiyo ndiyo inayolishikilia goti. Apumzike siku ambazo maumivu yamepanda. Baada ya hapo atembee kidogo kidogo, afanye na zoezi la kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Kama ni mnene, kila kilo moja anayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua.

"Baridi yabisi inaletwa na baridi."

Upepo wa Juni na Julai unaweza kukaza viungo na kuongeza maumivu kwa aliye mgonjwa tayari. Hausababishi ugonjwa.

"Ni maradhi ya wazee."

Kusagika magoti, ndiyo, huja zaidi na umri. Lakini kuna rumatoidi, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando wa viungo, na huwapata hata vijana, wanawake zaidi ya wanaume. Dalili yake kubwa ni vidole kukakamaa kila asubuhi kwa saa nzima au zaidi. Dawa zake zipo. Ukichelewa, gegedu linaliwa, na likishaliwa halioti tena kama ngozi.

"Kualisha vidole kunaharibu viungo."

Mlio ule ni wa gesi iliyo ndani ya ute. Daktari Mmarekani, Donald Unger, aliualisha mkono wa kushoto pekee kwa miaka 50, na mwaka 1998 akaandika kwamba mikono yote miwili ilikuwa salama. Ni mtu mmoja, lakini kwa ukaidi huo namvulia kofia.

"Ukivutwa maji gotini utakuwa kiwete."

Sindano hiyo hupunguza shinikizo, na maji yenyewe hupimwa. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, nenda hospitali siku hiyo hiyo: bakteria wakiingia kwenye kiungo wanaweza kuliharibu gegedu ndani ya siku chache.