Mnyororo Haumzoeshi Mbwa Nyumba Mpya

Kati ya yote ninayoelezwa na wafugaji wa mbwa wa Mbezi, Tegeta na Kigamboni, hapa Dar es Salaam, kwa uhakika usiotikisika, hakuna linalonichosha kama dai kwamba mbwa aliyekwisha kukomaa, akihamia kwa watu wapya, sharti afungwe mnyororo kwa wiki mbili au tatu ili "aizoee nyumba". Hushauriwa hivyo na jirani, na mlinzi, na hata na yule aliyewapa mbwa. Kisha huja kwangu wakilalamika kwamba mbwa amekuwa mkali kwa wenyeji wake na usiku analia hadi alfajiri.

Ukweli ni kwamba mbwa huyo, kwa siku moja tu, amepoteza watu aliowazoea, harufu zao na saa zake za kula, na njia aliyonayo ya kuifahamu nyumba mpya ni kuizunguka akiinusa, kutoka ukutani hadi mlango wa jikoni, kwa mwendo anaoutaka yeye. Mnyororo unamnyima hilo hasa. Tena unamwondolea uwezo wa kujitenga anapoogopa, na mbwa mwenye hofu asiyeweza kurudi nyuma hubakiwa na meno. Anayeumwa basi si mwizi, kwa kuwa mwizi hupita mnyororo usikofika. Ni dada wa kazi anayempelekea chakula, au mtoto aliyeufuata mpira. Ongeza na joto la Januari na Februari: mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema, na kuhema husaidia kidogo hewa inapojaa unyevu, hivyo kumfunga mchana kutwa chini ya bati la moto ni mateso, ambayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayakataza hata kama mbwa ni wako.

Wengine hunijibu kwamba baada ya wiki moja alinyamaza, maana yake amezoea. Mbwa anayelala akiutazama ukuta, asiyeinua kichwa mtu anapoingia, na anayekula tu watu wakishalala, hajazoea, amekata tamaa.

Hofu kwamba atatoroka ni ya haki, maana siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Dawa yake ni kuziba mianya ya chini ya uzio, kumshika kabla geti halijafunguliwa, na kumzungusha uani asubuhi na jioni kwa kamba iliyo mkononi mwa mtu, ambayo ni tofauti kabisa na mnyororo uliofungwa kwenye mwembe. Mtu mmoja amlishe, saa zilezile. Mimi humsisitizia kila mteja amchukue mbwa Ijumaa jioni, wala si Jumapili, kwa sababu anayeondoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa 2 usiku anamwacha mgeni huyo peke yake kabla hawajajuana. Siku hizo mbili aanze kumzoesha upweke kidogo kidogo: atoke nje ya geti kwa dakika moja na kurudi kabla mbwa hajaanza kulia, kisha dakika tano, kisha nusu saa, bila kuagana kwa mbwembwe. Bandani amwekee kanga au fulana aliyoivaa na ambayo haijafuliwa. Ushauri huu huchekwa sana, nami sitaacha kuutoa.

Madai mengine hayahitaji maneno mengi. Kumnyima chakula siku mbili ili "amjue bwana wake" kunamfundisha kugombania sahani, basi. Kwamba mbwa mkubwa hafundishiki ni uzushi: mbwa wa miaka sita hujifunza hata jina jipya kwa vipande vya maini yaliyochemshwa. Mbwa wa pili, anayeletwa kumwondolea wa kwanza upweke, mara nyingi hukuachia wawili wanaolia, kwa kuwa kinachokosekana ni mtu. Kuhasiwa hakumfanyi aache kulinda, na chanjo ya kichaa cha mbwa haimlegezi. Kama hana cheti, achanjwe siku za mwanzo hata akionekana mwenye afya. Nyumba ambazo mbwa haingii ndani, kwa sababu ya dini au ya usafi, hazina haja ya kubadili utaratibu wao: banda liwekwe karibu na kibaraza, mahali anapowaona watu wakipita, wala si nyuma ya choo cha uani.

Wapo pia waliokwisha kusikia kwamba mbwa mgeni huhuzunika, wakakaa siku tano wakimtazama hali chakula, wakiamini anamlilia mwenyewe wa zamani. Kukosa hamu ya chakula kwa siku moja au mbili hutokea. Akifika siku ya tatu, au fizi zikipauka, au damu ikimtoka puani, usiseme upweke. Huenda ni erlikiosisi, ugonjwa unaoletwa na kupe, ambao katika jiji lenye joto mwaka mzima hauna msimu na ambao hutibika kwa doksisaiklini ukigunduliwa mapema. Apelekwe kupimwa damu siku hiyohiyo, na dawa ya kupe ipuliziwe pia kwenye nyufa za banda, ambako hujificha na kutaga mayai.