Watemi wa Usukuma hawakuuza nchi kwa shanga

Kazi yangu ni kutembeza wageni na wanafunzi kwenye maeneo ya historia kando ya Ziwa Victoria: Bujora, Kageye, Bukumbi, na majengo ya Wajerumani yaliyobaki Mwanza mjini. Kauli inayoniumiza zaidi haitoki kwa Wazungu. Inatoka kwetu wenyewe, tena mara nyingi kwa mwalimu aliyeleta darasa zima: "Wazee wetu walidanganyika, wakauza nchi kwa shanga na vioo." Watoto wanacheka, wanaandika kwenye madaftari, wanarudi nyumbani wakiwadharau mababu zao. Nimeisikia tena juzi Bujora, mbele ya ngoma za watemi, watawala wetu wa jadi, na sasa naiandikia.

Chanzo chake nakijua. Kila aliyesoma historia shuleni anamkumbuka chifu Mangungo wa Msovero, ambaye Novemba 1884 aliwekewa hati ya Kijerumani ya kuitoa nchi yake na Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni. Jina lake limekuwa tusi, na siku hizi mkataba wowote mbovu unaitwa wa Mangungo. Lakini Msovero iko Usagara, upande wa Kilosa. Peters wakati ule alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kisha akarudi pwani. Ziwani hakufika safari ile. Imekuwaje basi kosa la Msovero, kama ni kosa, wabebeshwe watemi wa Usukuma, Ukerewe na Uzinza?

Na hata huko Usagara, hati si iliyoamua. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga madai ya Wajerumani, hakuletewa karatasi za machifu aambiwe asome. Agosti 1885 meli za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, mizinga ikielekea kasri. Hapo ndipo alipokubali.

Ushauri wangu kwa mwalimu yeyote ni uleule: kabla ya kumlaumu mtu, panga miaka. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka unaoanzia mto Umba pwani, ukauzunguka Kilimanjaro, ukaishia ufukwe wa mashariki wa ziwa, kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta. Tarehe 1 Julai 1890 wakauendeleza mstari huohuo kuvuka maji hadi upande wa magharibi. Boma la Wajerumani Mwanza likaja 1892. Zipange hizo tarehe ubaoni, waulize wanafunzi: nani alikuwa ameuza nini kufikia 1890? Hakuna mtemi hata mmoja aliyeitwa London wala Berlin. Wakuria na Waluo walikatwa katikati na mstari ambao waliouchora hawakuwahi kuona nyumba zao.

Mtu atanijibu kwamba hata kanda hii zilipitishwa karatasi, na wapo watemi waliopokea bendera. Ndiyo, zilipitishwa. Lakini tazama thamani yake. Mwanzoni mwa 1890 Peters huyohuyo alifika Buganda akafunga mkataba na Kabaka Mwanga. Kabaka, mwenye jeshi na baraza! Miezi michache baadaye makubaliano ya Julai yakaiweka Buganda upande wa Waingereza, na mkataba ule ukawa karatasi tupu. Kama sahihi ya mtawala wa Kiafrika ndiyo iliyokuwa ikigawa nchi, ya Mwanga ingehesabika. Haikuhesabika, kwa sababu mgawanyo ulifanyika kwingine. Na mtemi aliyepokea bendera alipokea urafiki wa mtu mwenye bunduki, jambo la busara kabisa kwa mtawala mwenye mahasimu jirani. Wapo waliowatumia Wajerumani kumaliza ugomvi wao wenyewe. Kukaribisha rafiki mwenye nguvu si kuuza mashamba ya watu wako.

Isitoshe, mtemi hakuwa na ardhi ya kuuza. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Usukuma mtu aliomba eneo kwa ng'wanangwa, mkuu wa kijiji, akafyeka, akajenga, akalima. Akihama, eneo lilirudi kwa jamii. Mtemi alikuwa mlinzi wa nchi, si mwenye hati. Alichaguliwa na banang'oma, wazee wa baraza lake, na mvua isiponyesha waliweza kumwondoa. Ukiniambia mtu wa namna hiyo aliuza nchi kwa shanga, unaniambia kwamba aliuza kitu ambacho kila mtu aliyemzunguka, hadi mtoto anayechunga, alijua si chake.

Wajerumani wenyewe walilijua hilo. Novemba 1895 ilitoka amri ya Kaisari kutangaza kwamba ardhi yote ya koloni ni ya dola, isipokuwa pale mtu au jamii ingeweza kuthibitisha haki yake. Kama walikuwa wameshainunua, amri ya nini? Waingereza nao, kwa sheria ya ardhi ya 1923, wakaitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana. Ardhi yetu ilichukuliwa kwa sheria zilizoandikwa na waliozihitaji. Ukitaka kuwafundisha watoto wizi wa ardhi, wape 1895 na 1923, na shanga ziache.

Wengine huniuliza: mbona basi hawakupigana? Anayeuliza hivyo ajue nchi ilikuwa katika hali gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita ikafagia ng'ombe ukanda mzima. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni chakula, ni akiba ya mwaka wa ukame. Boma la Mwanza lilijengwa katika nchi ya watu waliokuwa wametoka kuzika mifugo yao. Siwezi kumsikiliza mtu anayewaita waoga bila kuitaja sotoka.

Nayasahihisha na mengine, ingawa hayaniumizi kiasi hicho.

Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Mwanza. Nasema hivi kwa sababu kila kundi lina mtu anayeamini alisimama juu ya lile jiwe la ziwani Mwanza linaloitwa kwa jina lake. Aliondolewa ukansela Machi 1890, kabla ya boma kuwapo, na Afrika hakuja. Jiwe lilipewa jina tu, basi.

Mpelelezi Mwingereza Speke alifika ufukweni Agosti 1858 akiwa na habari za ziwa alizopewa na wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora, na akiwa na Sidi Mubarak Bombay wa kumkalimania. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani kwa misafara yao miaka mingi kabla yake. Anayesema biashara ililetwa na Mzungu aanzie hapo.

Kuhusu Ukerewe, nimechoka na hadithi ya "washenzi waliowaua wamisionari". Desemba 1877 Smith na O'Neill wa misheni ya Kianglikana waliuawa, ni kweli. Waliingia katikati ya ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro, ambaye alikimbilia kwao wakampokea. Anayetaka kuhukumu 1877 aanze na Bumbire 1875: wenyeji wa kisiwa walimnyang'anya mpelelezi Stanley makasia, naye miezi michache baadaye akarudi na kikosi, akawapiga risasi wakiwa ufukweni mwao, makumi wakafa. Aliyaandika mwenyewe, na hata Uingereza wapo waliomlaani. Bumbire iko Muleba, tunaiona tukielekea Bukoba kwa meli, na wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia.

Halafu kuna kuifananisha Mwanza na nyanda za juu za Kenya, kana kwamba walowezi walijaa hapa. Hawakujaa. Tanganyika mapambano makali ya mashamba ya walowezi yalikuwa Meru, ambako mwaka 1951 watu walifukuzwa Engare Nanyuki na Kirilo Japhet akalifikisha jambo hilo Umoja wa Mataifa. Hapa ziwani mkulima aliachwa kwenye shamba lake, kikachukuliwa kilichotoka shambani. Kodi ya nyumba ilimlazimu kutafuta fedha, na pamba ikawa njia ya kuipata. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901, meli zikabeba mazao ya Mwanza kwenda huko. Reli ya kutoka Tabora ikafika kwetu 1928. Baada ya vita kuu ya pili zikaja amri za matuta, za kupunguza mifugo, na faini kwa asiyetii.

Na hapa watu hawakukaa kimya. Wakulima walianza na kitu kidogo, kusimamia mizani ya pamba wasipunjwe, na kutoka hapo wakajenga ushirika. Mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililokua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. TANU ilipigwa marufuku Usukuma tangu 1954. Mwaka 1958 serikali ilipowalazimisha watu wa Geita kuwa na halmashauri ya mseto wa rangi, yaani ya Waafrika, Waasia na Wazungu pamoja, maelfu walikuja Mwanza kwa miguu na kwa kuvuka maji, enzi hizo hakuna daraja la Busisi. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Serikali ikarudi nyuma, na mwaka huohuo marufuku ya TANU ikaondolewa.