Kudarizi si kufuma

"Mashuka ya kufuma", kama dada mmoja anavyoyatangaza mashuka yake yenye maua ya sindano, nimeyavumilia miaka mingi. Juzi nikamsikia muuzaji akiinadi kofia ya viua, nyeupe, kazi ya mkono mtupu, kwamba "imefumwa Lamu". Hapo nikashindwa kunyamaza.

Kudarizi ni kupamba kitambaa kwa sindano na uzi. Kitambaa kipo tayari, uzi unakuja kukipamba. Kufuma ni kukifanya kitambaa chenyewe kutokana na nyuzi: mtande, yaani nyuzi za urefu, umevutwa, na mshindio, uzi wa kukatiza, unapita katikati yake. Sweta hufumwa. Vile vitambaa vya makochi vya sindano ya kulabu navyo hufumwa, maana mkono ulipoanza hapakuwa na kitu ila bonge la uzi. Lakini shuka lenye mawaridi lilishafumwa kiwandani zamani. Mama aliyekaa nalo barazani, jioni baada ya jioni, akiyajaza maua kwa uzi mwekundu mpaka kwenye foronya, hakulifuma. Amelidarizi.

Na neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Kiajemi, darz ni mshono, na darzi ni fundi wa kushona nguo; jina hilo la fundi lipo hai mpaka leo India na Pakistani. Waarabu nao wakalichukua darz, na matabibu wao wakayaita hivyo maungio ya mifupa ya fuvu, kwa kuwa mistari ile imekaa kama mshono hasa. Nalipenda sana jambo hili: anayevaa kofia iliyodariziwa ana darizi nyingine chini yake, ya kuzaliwa nayo.

Tarizi, ambalo wengi hulitumia kama pacha wa darizi, lina ukoo wake. Linatoka kwenye tirazi, ule ukanda wa maandishi uliotiwa kwenye nguo za heshima, mara nyingi ukiwa na jina la khalifa. Makhalifa wa Baghdad na wa Cairo walikuwa na karakana zao maalumu za kazi hiyo, na mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefariki 1406, ameitengea sehemu yake katika kitabu chake Muqaddimah. Hapa lazima niseme kweli yote hata kama inanipunguzia hoja: baadhi ya tirazi zilitiwa kwa sindano, na nyingine, hasa za Misri, zilifumwa humohumo kwenye kitanda cha mfumi, kile chombo cha kufumia. Taraza ya pwani yetu, ule ukingo wa hariri wa kilemba, nayo ilikuwa ya kufumwa pembeni mwa nguo. Kwa hiyo anayesema taraza imefumwa hajakosea, na mimi simgusi. Tarizi lina mguu mmoja huku na mmoja kule. Darizi miguu yake yote miwili iko kwenye sindano.

Turudi kwenye kofia. Kofia ya viua huanza na kitambaa cheupe cha tabaka mbili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza. Kisha vitundu hutobolewa, na kila kitundu huzungushiwa uzi, pigo kwa pigo, yamesongamana mpaka ukingo ugeuke pete ngumu. Ndicho kiua hicho, ua dogo. Zipo ambazo hupitishiwa pia uzi mnene wa pamba katikati ya tabaka, ili nakshi itune na kofia isimame. Kumma, kofia ya Waomani, hutobolewa na kuzungushiwa uzi vivyo hivyo, na undugu wake na kofia za Unguja na Lamu unaonekana kwa macho. Kazi ya namna hii huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Kofia za kufumwa zipo, za uzi na kulabu, nazo ni nzuri, huvutika na kukaa kichwani vyema. Mara nyingi zimepangwa meza moja na za viua, na labda ndipo ndimi zinapoteleza.

Dada wa mashuka, simaanishi kukuharibia biashara, na mawaridi yako nimeyaona, yamejazwa vizuri mpaka upande wa nyuma hauna fundo. Kwenye tangazo lako badilisha neno moja tu: mashuka ya kudarizi.