Hewa ya ukaa ikiwa kavu haili bomba

"Hewa ya ukaa ni tindikali, lazima itakula bomba." Dhana hii kuhusu mabomba ya kusafirishia hewa ya ukaa (CO2) ina nusu ya ukweli. Hewa hiyo ikiwa kavu, chuma cha kawaida hakidhuriki. Texas wanaisafirisha kwa mabomba ya chuma hicho tangu 1972, na leo Marekani ina takriban kilomita 8,000 za mabomba ya namna hii. Balaa ni maji. Yakikutana na hewa ya ukaa huzaa asidi ya kaboniki, ile ile inayowasha ulimi unapokunywa soda, na katika mgandamizo wa bomba asidi hiyo huweza kumega chuma milimita kadhaa kwa mwaka.

"Basi tutumie chuma kisichoshika kutu njia nzima." Kwa bei gani? Huwekwa vipande vifupi tu, hasa pale ambapo hewa haijakaushwa bado.

"Maji yakiwa machache hata yakayeyuka yote ndani ya hewa, hakuna hatari." Hapa hata wazoefu huteleza. Hewa iliyonaswa viwandani huja na mabaki ya moshi: dioksidi ya salfa, oksidi za naitrojeni, oksijeni. Haya huingiliana yenyewe kwa yenyewe na kutengeneza asidi ya salfa na ya naitriki, ingawa maji ni kidogo mno kuweza kujitenga kuwa matone. Ndiyo maana mradi wa Northern Lights wa Norwei, unaozika hewa ya ukaa chini ya bahari, umeweka kikomo cha maji kuwa sehemu 30 tu kwa milioni, wakati mabomba ya zamani ya Marekani, ambayo mengi hubeba hewa ya ukaa ya asili iliyochimbwa ardhini, huruhusu mamia kadhaa.

"Paka rangi ndani." Hewa hupenya kwenye rangi, mgandamizo ukishuka ghafla hutanuka, na rangi ikafanya malengelenge na kubanduka. Raba za vali nazo hupasuka hivyo hivyo. Rangi ya nje, pamoja na umeme mdogo unaopitishwa kulinda chuma, hupambana na udongo tu. Ndani haugusi kitu.

"Bomba jipya halina maji." Linayo! Kabla ya kuanza kazi hujazwa maji ili kupima kama linavuja, na yanayobaki mabondeni yasipokaushwa huisubiri hewa ya kwanza papo hapo.